Gamba la Mstari wa Saba

Nimeliona Makoroboi, Jumanne, saa nne asubuhi,
limening'inia juu ya ndoo za plastiki na soksi za watoto:
gamba langu la sato.
Si moja. Yadi sita nzima za magamba,
rangi ya matope ya Igogo mvua ikikatika,
na ile kijani ya ziwa lililofunikwa na gugumaji,
niliyoichemsha na kuichemsha jikoni
hadi mume wangu akauliza, leo tunakula rangi?

Nikashika upindo. Nikahesabu kutoka chini.
Mstari wa saba, gamba moja limepinduka,
kichwa chini miguu juu,
kama mlevi kwenye foleni ya benki.

Lile gamba ni la Kwandu.
Alikuwa na miezi kumi, homa ndiyo kwanza imemshuka,
akanipiga kiwiko, bikari ikateleza,
nikaliacha hivyo hivyo kwa kuwa alikuwa amecheka.
Wewe uliyenakili, popote kilipo kiwanda chako,
umechukua hadi kicheko cha mwanangu
na hukujua kama ni kicheko.

"Mama, unanunua au unasoma?" muuzaji akauliza.
Nikanunua. Yadi mbili za mali yangu, bila punguzo.

Wakili Nyanjige ana chumba juu ya duka la nyavu.
Kitabu chake cha sheria kimebanwa mgongo kwa plasta ya hospitali.
Nilitarajia atoe upanga.
Akatoa miwani, akalamba kidole:
sehemu, kifungu, kifungu kidogo, aya.
Alisoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka,
nami, niliyefundishwa mashairi na mwalimu mwenye fimbo,
nikayasikia yakijipanga nane kwa nane:

   Wazo ni la kila mtu, halina kufuli wazo,
   Linalolindwa ni kitu, kilichotoka kwa wazo,
   Kofia hata kiatu, mapambo na matangazo,
   Tarehe, hati na watu, hayatoshi maelezo.

"Na sato je?"
"Sato ni wa Mungu na wavuvi. Wewe una mpangilio.
Na una kosa. Hilo kosa usilifute popote."

Tarehe, sasa. Daftari langu lilienda na maji
mwaka ule mto Mirongo ulipoingia vyumbani.
Risiti za rangi nani anatunza?
Nililala siku tatu nikichora kalenda kichwani
na ya nne nikaikumbuka kadi ya kliniki.
Mbele: uzito, kilo nane nukta mbili, sindano ya surua,
mhuri wa zambarau, siku, mwezi, mwaka.
Nyuma, kwa penseli, mistari saba.
Serikali iligonga mhuri ikidhani inapima mtoto.

Wakili alicheka hadi akavua miwani.
Kisha nikamharibia furaha.
Nikamwambia mama yangu, kule Magu,
alisuka magamba kwenye vikapu kabla sijazaliwa.
Kalamu ikasimama.
"Yalikuwa kama haya?"
"Yalikuwa magamba. Ya kwake hayakupinduka."
"Basi yeye alikupa wazo," akasema, akaendelea kuandika.
Ni hivyo tu. Nikakiomba kitabu, nikapekua mwenyewe,
faini, fidia, muda wa haki, uhai wangu na miaka baada yake,
nikitafuta kifungu cha mtu anayestahili shukrani.
Labda kiko kwenye kurasa zilizochomoka.

Barua imekwenda. Jibu bado.
Makoroboi kitenge kinauzwa, na nasikia kinapendwa,
jambo ambalo sijui nilifurahie au nililie.

Jana Kwandu, darasa la pili, kaomba kipande kilichobaki
amshonee mwanasesere gauni.
Nimekataa. Hicho ni kielelezo namba moja.
Akahesabu mistari kwa kidole, akafika wa saba, akanitazama:
"Lakini hili ulisema ni langu."

Bado namtafutia kifungu.